Nani Alipe Cherehani?

Mwanangu,

Umeniuliza kama kutenda kosa kunaweza kuwa ndiyo haki, kwa kuwa usiku ule ulichukua laki tatu za kikoba ukalipia upasuaji wa mtoto wa mwenzenu, na wanachama hawakuulizwa. Mtoto amepona, alhamdulillahi. Mimi ninalotaka kujua ni jingine: daftarini umeandika nini?

Najua umeshakisia kwamba namkumbuka marehemu ami yako na cherehani ya yule mama wa Wete, aliyoitosa baharini ili jahazi lifike. Kisa unakijua, kazi yenyewe hukuelezwa. Jahazi lilitoka Tanga kwenda Pemba, kusi imekaza, chini limeshiba saruji. Mfuko mmoja kilo 50, mifuko 20 tani nzima. Juu yake magunia ya mchele. Sitahani magodoro, mabati, na cherehani ya miguu, chuma kitupu.

Maji yakiingia kuliko mnavyoyafua, tanga hupunguzwa kwanza, na mzigo ndio baadaye. Na kutosa kuna utaratibu wake. Huanza mzigo wa sitahani, maana uzito ulio juu ndio unaokifanya chombo kikilala kikawie kuinuka. Hutolewa kulia na kushoto kwa zamu, kisije kuinamia upande mmoja. Kisha mchele, kwani ukilowa huvimba ukasukuma mbao, na punje zikishuka ngamani, chini kabisa maji yanakokusanyika, huziba pampu. Saruji ya chini kabisa haifikiki upesi.

Kwa hiyo ami yako alianza na cherehani, na kwa kazi ya bahari hakukosea. Nimelipinga hili miaka mingi, nikisema alianza na cha mnyonge. Hapana, alianza na cha juu. Ila kilikuwa juu kwa sababu gani? Kwa sababu mwenye saruji alipakia wa kwanza, na mnyonge hupewa nafasi iliyobaki.

Jahazi lilifika. Mwenye saruji akahesabu mifuko yake, haukupungua hata mmoja, akalipa nauli akaenda zake. Yule mama akaambiwa ni amri ya Mungu. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo, maana sheria ilikuwepo! Imo katika Digesta, mkusanyo wa sheria za Kirumi wa mfalme Justiniani wa mwaka 533, ikinasibishwa na watu wa kisiwa cha Rhodes: kilichotoswa kwa ajili ya wote kifidiwe na wote. Siku hizi meli hufuata kanuni za York-Antwerp, za kugawana hasara ya namna hiyo.

Ipigie hesabu kwa fedha za leo, nauli tuiache. Chombo milioni 20, saruji 10, mchele 9, mali ya yule mama 1: jumla 40. Kimetoswa cha milioni 1, basi kila milioni moja inachangia 25,000. Mwenye chombo 500,000, mwenye saruji 250,000, mwenye mchele 225,000, na mama mwenyewe 25,000, kwa kuwa mali iliyotoswa nayo huhesabiwa, asije akawa peke yake asiyeguswa na hasara. Apokee 975,000. Kweli, kanuni hizo hazimfidii aliyepakia sitahani kinyume cha desturi ya biashara, lakini majahazi yetu yamebeba sitahani tangu na tangu.

Ndiyo maana sichoki kukwambia: ukitosa, andika. Nini, cha nani, thamani gani, saa ngapi, na kabla hujashusha mizigo. Wakishatawanyika, hukusanyi hata senti.

Usije ukadhani daftari linahalalisha kila kitu. Mwaka 1841 meli iitwayo William Brown iligonga barafu Atlantiki, na mabaharia wakawatosa abiria kutoka kwenye mashua iliyolemewa. Mmoja wao, Alexander Holmes, alihukumiwa Philadelphia mwaka uliofuata kwa kuua bila kukusudia: miezi 6 jela na faini ya dola 20. Mtu hana fungu la kuchangiwa.

Wewe ulitosa fedha, tena za wenzako, ili mtoto aishi. Kusema ulifanya haki, ulimi unaniwasha, lakini nangoja nijue wenzako wameambiwa nini. Ami yako sikumwamulia mpaka akafa, nawe ulimpenda kama mimi.

Niandikie mko wangapi, kila mmoja ana hisa ngapi, na kama zako umezihesabu humo. Hesabu nitakupigia.

Baba yako