Ekstraklasa ya Poland: kama unataka kuielewa, anza na msimu wa 2023/24

Mkuu, umeuliza kama ligi ya Poland ina ushindani wa kweli au ni Legia Warszawa tu na wengine ni wasindikizaji. Legia mara ya mwisho kubeba ubingwa ilikuwa 2021. Baada yake wakaja Lech Poznań 2022, Raków Częstochowa 2023, Jagiellonia Białystok 2024, halafu Lech tena 2025. Mimi nilikuwa nasoma Białystok, huko kaskazini mashariki karibu na mpaka wa Belarus, na ule msimu wa Jagiellonia niliushuhudia nikiwa palepale. Ngoja nikueleze.

Msimu wa nyuma yake Jaga, ndivyo wenyeji wanavyowaita, walimaliza nafasi ya 14. Śląsk Wrocław walikuwa wa 15. Ligi ina timu 18 na zinashuka tatu, kwa hiyo hawa wote wawili walinusurika tu. Mwaka uliofuata ndio hao hao wakagombea ubingwa hadi siku ya mwisho.

Vigogo nao walijimaliza. Raków walikuwa na Europa League, Legia na Conference League, ambako waliwafunga Aston Villa 3-2 pale Warszawa. Ukicheza Alhamisi Ulaya, Jumapili miguu ni mizito, na pointi zilikuwa zinadondoka kwa timu za kawaida kabisa. Lech hawakuwa hata na sababu hiyo, maana Ulaya walitolewa mapema kwenye hatua za mchujo, na bado ilipofika Desemba wakamtimua kocha.

Śląsk ndio walioongoza hadi ligi iliposimama kupisha baridi. Walikuwa na ukuta mgumu, msimu mzima wameruhusu mabao 31 tu, na mbele yupo Erik Expósito, Mhispania aliyeibuka mfungaji bora kwa mabao 19. Ila soka lao lilikuwa la kusubiri kosa la mpinzani. Jaga walikuwa kinyume chake. Kocha wao, Adrian Siemieniec, alibeba ubingwa akiwa na miaka 32, na timu yake ilifunga mabao 77 katika mechi 34. Kipa anaanza na pasi fupi hata akiwa amebanwa, mpira unapita kwa viungo, unatoka pembeni, unarudi ndani kwa Jesús Imaz au Afimico Pululu, mzaliwa wa Luanda. Na ikipatikana faulo karibu na boksi, jukwaa zima linasimama kabla beki wa kushoto, Bartłomiej Wdowik, hajapiga. Walifungwa mabao 45, ndiyo, lakini timu inayocheza hivyo nailipia tiketi kila wiki.

Tarehe 25 Mei 2024 timu zote mbili ziliingia na pointi 60. Hapa wengi waliozoea Ligi Kuu ya Uingereza huchanganyikiwa: Poland pointi zikilingana hawaanzi na tofauti ya mabao, wanaangalia kwanza matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe kwa zenyewe. Huko Jaga walikuwa juu. Maana yake Śląsk walihitaji kushinda na kuombea Jaga wateleze. Śląsk walishinda 2-1 ugenini kwa Raków. Haikusaidia kitu, Jaga waliwapiga Warta Poznań 3-0. Wote 63.

Pale jukwaani watu hutafuna mbegu za alizeti kwa wasiwasi, na siku ile maganda yalifunika sakafu nzima chini ya viti. Mzee wa safu ya mbele yangu hakutaka kuonyeshwa matokeo ya Częstochowa kwenye simu ya mtu yeyote, hata ilipokuwa 3-0. Nilimwelewa. Klabu imeanzishwa 1920, hadi siku ile ilikuwa haijawahi kuwa bingwa, na 2017 na 2018 ilimaliza ya pili nyuma ya Legia mara zote mbili.

Kilichoniuma ni Warta. Walikuja Białystok wakiwa juu ya mstari wa kushuka, na waliowazamisha ni majirani zao wa mji mmoja: Lech walifungwa 2-1 nyumbani na Korona Kielce, Korona wakabaki, Warta wakaungana na Ruch Chorzów na ŁKS Łódź kushuka daraja.

Ukipata nafasi ya kwenda uwanjani kule, beba pasipoti. Tiketi inaandikwa jina lako, na bila kitambulisho unaweza kukwama getini.

Msimu uliofuata Jaga walifika robo fainali ya Conference League wakatolewa na Real Betis, na Pululu akamaliza mfungaji bora wa mashindano hayo. Śląsk, makamu bingwa, wakashuka daraja.