Kichanga Mwenye UTI: Usikatae Kipimo cha Mgongo

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 3 akichemka, tafadhali usiseme ni meno. Kipimo cha kwapani kikifika 37.5, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Baridi ya Julai hapa Nairobi tunawavisha mavin (kofia za sufi), sweta mbili na shali juu, kwa hiyo kwanza mpunguzie nguo na urudie kupima baada ya dakika 15; kikibaki 37.5 au zaidi, nenda. Lakini kama hanyonyi, amelegea, amestuka kwa degedege au utosi umevimba, usingoje chochote. Mwili kupoa chini ya 35.5 ni hatari vile vile.

Huko hospitali, mkojo ndio huangaliwa mapema, kutafuta UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Ule wa kukamuliwa kwenye nepi au wa mfuko uliobandikwa huchafuliwa na wadudu wa ngozini, na majibu yake hupotosha. Daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, au mama humwosha mtoto na kukinga mkojo kwa kikopo safi. Pamba yenye maji baridi ikisuguliwa taratibu chini ya kitovu huharakisha. Kijiti cha maabara kisiposoma naitraiti (kemikali ambayo bakteria huitengeneza kwenye mkojo), bado UTI yaweza kuwepo: kichanga hukojoa kila mara, bakteria hawapati muda wa kuitengeneza.

Sasa, majina haya huwachanganya wengi. UTI ni ya njia ya mkojo. Homa ya uti wa mgongo, yaani maambukizi ya utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, ni nyingine kabisa. Ila kwa kichanga njia ipo: E. koli, bakteria anayesababisha UTI nyingi, hutoka kwenye figo, huingia kwenye damu, na kinga ikiwa bado changa hufika kwenye utando wa ubongo. Ni nadra, lakini huweza kuacha uziwi au kifafa. Ndiyo maana, hasa mtoto akiwa chini ya siku 28, daktari ataomba maji ya mgongo hata mkojo ukishaonyesha bakteria.

Wazazi hukataa kipimo hiki wakiogopa mtoto kupooza. Sindano huingia kiunoni, usawa wa mifupa ya nyonga, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na yanayotoka ni matone machache.

Usimpe antibiotiki ya duka la dawa kabla ya hapo. Dozi moja yaweza kuzuia bakteria wasiote maabara, na daktari akabaki bila jibu: homa ya uti wa mgongo ya E. koli hutaka sindano kwa siku 21 hivi, UTI peke yake hutaka siku chache kuliko hizo.