Fundi akikwambia "tuformati", mwambie angoje kwanza

Barua ni nyingi wiki hii, nimechukua tatu. Mbili kati yake zimenikera kabisa, si kwa waandishi, ni kwa yale waliyoambiwa na mafundi.

Habari kaka. Nina kaduka ka kuchapa na kufotokopi hapa Busia. Umeme ukikatika usiku, asubuhi desktopu inaleta maandishi kwenye skrini nyeusi inataka nibonyeze F1, nikibonyeza inawaka vizuri tu ila intaneti inagoma, kila ukurasa unaniambia si salama. Mteja anataka kuombewa TIN (namba ya mlipakodi) ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, nashindwa, anaenda kwa jirani. Fundi amesema ubao wa ndani umekufa ninunue mashine nyingine, shilingi 650,000. Ni kweli? — Mama wa duka, Busia

Mama, hizo 650,000 zishike kwanza. Asubuhi ikikufanyia hivyo tena angalia saa, ile iko chini kwenye kona ya kulia, na uangalie mpaka mwaka. Nina hakika karibu yote utakuta inasoma mwaka wa zamani, 2010 huko au 2015, na hapo ndo ugonjwa wenyewe ulipo. Kurasa kama ya URA zina cheti cha usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kompyuta yako ikiamini tuko 2010 inaona cheti cha kesho kutwa, inakataa. Intaneti ni nzima, saa ndo imepotea.

Saa inapotea kwa sababu ndani kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3, kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati hakuna umeme. Ikiisha huwezi kujua mpaka siku umeme unakatika, maana mashine ikiwa imechomekwa ukutani saa inakula umeme wa ukutani hata ukiwa umeizima, ndo maana wewe unaona ni umeme unaharibu. Betri yenyewe inauzwa hata kwa mafundi wa saa, bei yake haikaribii hata kidogo hiyo aliyokutajia.

Kuibadilisha: zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, shika chuma cha boksi kwa mkono umeme tuli wa mwilini utoke, kisha fungua ubavu. Utaiona imelala kwenye ubao, inang'aa. Kuna kishikizo kidogo pembeni, kisukume na ukucha, inaruka yenyewe. Mpya iingie upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Ukiwasha itakuuliza F1 mara ya mwisho, rekebisha tarehe, na kwenye Windows chagua saa za Nairobi ndo zetu hizohizo. Usingoje ijirekebishe yenyewe kutoka intaneti, ikishapotea kwa miaka mara nyingi inashindwa. Ukishaweka mpya na bado saa inapotea, hapo sasa ndo tuanze kuongea habari za ubao.

Nanunua bando la GB 1 usiku, naunganisha laptopu kwa hotispoti ya simu, naandika asainimenti, asubuhi bando limeisha na sijaangalia hata video moja. Kuna mtu ananiibia? — Mwanafunzi, Gulu

Badilisha paswodi ya hotispoti kwanza, lakini mwizi wako mimi nadhani ni laptopu yenyewe. Windows ikiona Wi-Fi inafikiri ni ile isiyo na mwisho, inaanza kushusha apdeti, na kama OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imewashwa inapandisha mapicha yako yote huko juu. Ingia Settings, Network, bonyeza jina la hotispoti yako, washa palipoandikwa Metered connection, yaani unaiambia bando lako linapimwa, ipunguze kushusha na kupandisha yenyewe. Ukibadilisha jina la hotispoti au ukitumia simu ya rafiki utawasha tena, kwa sababu inakumbuka kila jina peke yake.

Mimi ni mwalimu Mbale. Nilichomeka flashi kwenye kompyuta ya stafurumu, sasa mafolda yote yamegeuka shotikati, nikibonyeza zingine zinafunguka zingine hapana. Kuna alama za mock (mtihani wa majaribio) za P7, darasa la saba, nzima humo na sina kopi. Kijana mmoja anataka kuiformati aondoe virusi. Nimruhusu? — Mwalimu, Mbale

Hapana mwalimu, usimruhusu, kuformati ni kufuta vyote vilivyomo, na hiyo flashi ichomoe sasa hivi!

Alama zako zipo. Hicho kirusi hakifuti, kinaficha mafolda ya kweli halafu kinaweka shotikati zenye majina yaleyale, ukibonyeza kinajiendesha na wakati huohuo kinakufungulia folda, kwa hiyo huoni tofauti na unakisambaza kila mahali. Acha kuzibonyeza.

Tafuta laptopu safi yenye antivairasi iliyo hai, hata ile Defender ya Windows yenyewe inatosha. Chomeka, usifungue kitu, bonyeza jina la flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Properties. Ikionyesha imejaa GB 3 na wewe unaona vishotikati tu, pumua, kazi yako imo. Iskani, kisha angalia herufi ya flashi, tuseme ni E, fungua ile skrini nyeusi ya cmd (andika cmd kwenye Start) uandike hivi, nafasi ziwe hivihivi, ila badala ya E weka herufi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Mafolda yatarudi. Saa zingine yanakuwa yamesukumwa yote ndani ya folda moja isiyo na jina kabisa, usiogope, ifungue. Kopi faili zako za Word na Excel peke yake, shotikati na vitu usivyovijua viache hukohuko. Fungua faili la alama, hakikisha watoto wote wamo, weka kopi ya pili kwenye imeili yako. Sasa ndo umwite yule kijana aformati, kwa amani.

Na kama ameshaformati kabla hujasoma hapa, usiweke chochote kipya kwenye hiyo flashi, hata picha moja. Kuna programu ya bure inaitwa Recuva, mara nyingi inarudisha vitu ambavyo havijaandikiwa juu.

Kompyuta ya stafurumu nayo iskaniwe leo kabla mwenzako hajachomeka ya kwake, kwa sababu ukiirudisha flashi safi kwenye mashine ile chafu, mafolda yatageuka tena palepale.