Lenzi moja pana kwa kamera mbili

Ndugu, umeuliza ni lenzi ipi ya milimita 15 itakayofaa kamera zako mbili za renjifainda (zile ambazo unatazama kupitia dirisha lake, si kupitia lenzi), ya filamu na ya dijitali, ukienda kwenye miamba ya michoro ya Kolo, Kondoa. Anza na kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera ya dijitali mahali pa filamu, kwa sababu lenzi nyingi za zamani za aina hii kioo chake cha nyuma hukaa karibu mno na filamu, na mwanga unaofika pembeni ukiwa umelala sana huiachia picha ya dijitali kingo za zambarau, ilhali filamu haidhuriki. Kwa hiyo ningechagua toleo la tatu la lenzi ya Voigtländer Heliar, la mwaka 2015, lililosanifiwa upya kwa ajili ya vihisi. Lile la 1999 libaki kwa filamu. Kulenga kusikutie hofu: ukiweka tundu la lenzi kwenye f/8 na kulenga umbali wa mita 1, kila kitu kuanzia takriban nusu mita hadi upeo wa macho kitakuwa wazi. Kinachosumbua, kwa kweli, ni kupanga picha, maana dirisha la kamera halionyeshi upana huo. Nunua kitazamio cha kuchomeka juu, na uishike kamera sawasawa, la sivyo miamba itaonekana kana kwamba inaanguka.