Usiandike "saki": namna ya kupanga sifa za difensivu endi kwenye gemu

Kama unatengeneza gemu ya kuiga futiboli ya Marekani na jedwali lako la wachezaji lina sifa inayoitwa "saki", ifute kabla hujaandika mstari mwingine wa programu. Ndiyo sifa ninayoikuta mara nyingi zaidi ninapoombwa kupitia gemu ya mtu, na ndiyo inayoharibu kila kinachoifuata. Saki, yaani kumwangusha kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) nyuma ya mstari mchezo unapoanzia akiwa bado na mpira mkononi, si kipaji cha mchezaji. Ni tokeo. Ndani yake yumo endi, yumo anayemzuia, yumo kwotabeki mwenyewe, na wamo walinzi wa nyuma kabisa waliowabana wapokeaji hadi kwotabeki akakosa pa kurusha. Ukilichukua tokeo hilo ukalibandika kwa mtu mmoja kama alama 88, mechi umeshaiamua kabla haijachezwa.

Mimi hutengeneza gemu za maandishi, zile ambazo anayecheza ni kocha au meneja. Anasajili, anapanga kikosi, anachagua mbinu, halafu kompyuta inacheza mechi. Katika nafasi zote za ulinzi hakuna iliyonila muda kama difensivu endi, wala hakuna inayonipa raha kama hiyo inapokaa sawasawa.

Kwa tuliokulia kwenye soka, endi ni mlinzi anayesimama ukingoni mwa safu ya mbele, kulia au kushoto. Mbele yake yupo mzuiaji wa pembeni, pande la mtu la kilo 140 hivi ambalo kazi yake ni kumzibia njia. Mpira ukirudishwa nyuma kwa kwotabeki, na hiyo ndiyo snapu, endi anakabiliwa na maswali mawili papo hapo. Ni pasi, nimfuate kwotabeki? Au ni mbio, yaani mtu anaubeba mpira na kukimbia nao, nilinde ukingo wangu? Kila sifa utakayoandika lazima isaidie kujibu mojawapo ya maswali hayo. Isiyosaidia haina kazi, hata kama jina lake linapendeza.

Anza na saa. ESPN, televisheni ya michezo ya Marekani, wana kipimo cha ushindi wa wanaomkimbilia kwotabeki, na swali lao ni moja tu: je, amempita mzuiaji wake ndani ya sekunde 2.5? Sekunde hizo ndizo nguzo ya hesabu zangu. Katika kila snapu ya pasi navuta nyakati mbili kwa bahati nasibu yenye uzito: muda ambao endi atampita mzuiaji, na muda ambao kwotabeki ataachia mpira. Endi akitangulia, kuna presha. Baada ya hapo inakuja hesabu nyingine kabisa, kwa sababu kwotabeki aliyebanwa anaweza kukwepa, kuutupa mpira nje, kurusha ovyo, au kwenda chini. Mara nyingi presha haifiki kwenye saki, na gemu yako ikionyesha hivyo umeanza vizuri.

Uzuri wa mfumo huu ni mambo yanayojitokeza bila wewe kuyaandika. Meneja anauza walinzi wake wawili wa nyuma, na msimu unaofuata endi wake nyota anapungukiwa saki ingawa sifa zake hazijaguswa: mpira sasa unaachiwa mapema. Kwotabeki mwenye tabia ya kukaa na mpira anawafanya maendi wa kawaida waonekane majabali. Watu huniandikia kuuliza kama ni hitilafu. Si hitilafu, ndivyo futiboli ilivyo.

Mkumbuke Osi Umenyiora. Septemba 2007, akiwa na New York Giants, alipata saki sita katika mechi moja dhidi ya Philadelphia Eagles. Alikuwa endi mzuri sana, lakini jioni ile Eagles walimkosa mzuiaji wao wa kushoto wa siku zote, na aliyeingia badala yake ndiyo kwanza alikuwa anaanza mechi. Ndiyo maana sipimi sifa ya endi peke yake. Naipima kama tofauti kati yake na mtu aliye mbele yake, kisha tofauti hiyo naipitisha kwenye mkunjo wa lojisti, ule wenye umbo la herufi S, ili pengo la alama tano lionekane kidogo na pengo la alama ishirini na tano liumize. Umenyiora huyohuyo ndiye baadaye aliyeongoza kazi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, barani Afrika, na mwaka 2023 kambi yao moja ilifanyika Nairobi, kwa hiyo si ajabu tena kumkuta kijana wa huku anayejua kukimbilia kwotabeki.

Sasa tuingie ndani ya ule ushindi wa sekunde 2.5, maana hapa ndipo gemu nyingi zinapokosa ladha. Mimi nina sifa tano za kumpita mzuiaji: hatua ya kwanza, nguvu, kujipinda, ufundi wa mikono, na urefu wa mikono. Sina sifa ya "kasi" kwa endi, na naitetea hiyo kwa moyo wote. Kule Indianapolis, kwenye majaribio ya vijana kabla ya usajili, televisheni hushangilia mbio za yadi 40. Endi hukimbia yadi 40 kwa nadra sana. Kinachomlipa ni zile yadi kumi za mwanzo, na zaidi ya hapo ni uwezo wa kuzunguka kona akiwa ameinama, bega likikaribia nyasi, bila kupunguza mwendo. Huko ndiko kujipinda. Wapo wanaoruka juu na kunyanyua vyuma kupita kiasi, lakini kwenye kona wananyooka kama mlingoti na mzuiaji anawasukuma kupita nyuma ya kwotabeki.

Namna ya kuziunganisha sifa hizi ni muhimu kuliko orodha yenyewe. Usichukue wastani. Endi mwenye hatua ya kwanza 90 na nguvu 50, na mwenzake mwenye 70 na 70, wana wastani uleule lakini ni viumbe wawili tofauti. Reggie White alikuwa na zaidi ya kilo 130, na silaha yake iliyotisha ilikuwa kumchota mzuiaji kwa mkono mmoja na kumtupa pembeni. Dwight Freeney wa Indianapolis Colts alikuwa na urefu wa mita 1.85 hivi, mfupi kwa nafasi yake, na aliwamaliza watu kwa kuzunguka nje, kisha kugeuka ghafla kama pia na kuingilia ndani. Wote wawili wamo kwenye Ukumbi wa Heshima. Wastani usingewatofautisha.

Kwa hiyo kila endi wangu ana njia tatu: nje kwa kasi, moja kwa moja kwa nguvu, na ndani kwa kugeuka. Kila njia inasoma mchanganyiko wake wa sifa. Kabla ya snapu mzuiaji anakisia njia, na makisio yake yanategemea anachokiogopa zaidi. Hapa ndipo siri ya Freeney: kule kugeuka kwake kulifanya kazi kwa sababu mzuiaji alikuwa ameshakimbilia nje kuizuia ile hatua ya kwanza. Kwenye programu yangu, njia ya ndani inapata nyongeza inayolingana na hofu ya njia ya nje. Endi asiye na hatua ya kwanza hata akijifunza kugeuka vizuri namna gani, hamdanganyi mtu. Nilipoingiza uhusiano huo, mameneja waliacha kutafuta namba kubwa peke yake wakaanza kusoma wachezaji.

Sifa za mwili zitenganishe na sifa za ufundi, kwa sababu hazikui pamoja wala hazizeeki pamoja. Vernon Gholston alichaguliwa wa sita kwenye usajili wa vijana wa mwaka 2008 kwa sababu ya mwili uliowaacha watu midomo wazi, akamaliza miaka yake NFL bila saki hata moja. Jared Allen alichaguliwa raundi ya nne mwaka 2004, na mwaka 2011 akapata saki 22. Tofauti yao kubwa haikuwa kwenye vipimo vya Indianapolis. Halafu yupo Ezekiel Ansah wa Ghana, aliyeanza futiboli mwaka 2010 akiwa mwanafunzi chuoni BYU huko Utah, bila kuwahi kuicheza, na mwaka 2013 akachaguliwa wa tano na Detroit Lions. Gemu yenye kipimo kimoja cha "ubora" haiwezi kumzaa mtu kama Ansah. Yenye mwili 92 na mikono 35 inayopanda mwaka hadi mwaka, inaweza.

Kwa uzee, hatua ya kwanza mimi naanza kuishusha mapema, nguvu baadaye, na mikono naiacha ipande hata mtu akipita miaka thelathini. Reggie White alikuwa Mchezaji Bora wa Ulinzi mwaka 1998, karibu na miaka 37, akiwa na saki 16. Bruce Smith alicheza hadi msimu wa 2003, akiwa na umri wa miaka 40, akafikisha saki 200. Wazee wa namna hiyo wawe wachache kwenye gemu yako, lakini wawepo.

Mbio zinasahauliwa mno, na hapo ndipo endi anapojengwa au kubomoka machoni pa kocha. Kazi yake ya kwanza dhidi ya mbio ni kushika ukingo, yaani kuhakikisha mwenye mpira hapiti nje yake, ili arudi ndani kwenye msongamano wa wenzake. Nguvu na urefu wa mikono vinasaidia, lakini sifa kuu naiita nidhamu. Leo timu nyingi zinamwacha endi makusudi bila kuzuiwa: kwotabeki anamtazama yeye tu, endi akimfuata mpokea mpira kwotabeki anaubakiza na kukimbia mwenyewe, endi akisubiri mpira unatolewa. Nidhamu inaingia hapo, na kwenye pasi za kuigiza mbio, na kwenye adhabu za yadi tano pale endi anapochomoka kabla ya snapu kwa sababu sauti ya kwotabeki imemdanganya. Ushauri wangu ni kwamba usiifunge nidhamu na ukali wa kushambulia kwa namba ya kudumu. Uamuzi huo mpe meneja. Akiagiza maendi wachomoke kwa nguvu zote, presha ipande na ukingo uwe wazi. Sifa ya mchezaji iamue tu ukingo unakuwa wazi kiasi gani.

Kuhusu majina ya nafasi, usiyaamini sana. Katika mpangilio wa wanne mbele, endi ndiye mkimbizaji mkuu. Katika mpangilio wa watatu mbele, endi huwa mzito zaidi na mara nyingi hushika mianya miwili kati ya wazuiaji, huku lainibeki wa nje, mlinzi wa safu ya pili, akipewa kazi ya kukimbiza. T.J. Watt alipopata saki 22.5 mwaka 2021 alikuwa ameandikishwa kama lainibeki. Michael Strahan alipopata idadi hiyohiyo mwaka 2001 alikuwa endi. Gemu yangu haihifadhi neno "endi" kwa mchezaji. Inahifadhi uzito na sifa, kisha inakokotoa anavyofaa kwenye kila kazi ya mpangilio wa kocha. J.J. Watt, kaka yake T.J., aliwahi kuwa endi wa mpangilio wa watatu, kilo 131 hivi, na mwaka 2012 alipata saki 20.5 na kupangua pasi 16. Kupangua pasi sikukupa sifa ya peke yake. Kunatokana na urefu wa mikono na kusoma mchezo, na kunatokea pale endi aliposhindwa mbio za saa akaamua kusimama na kuinua mikono.

Pumzi iguse hatua ya kwanza kabla ya kugusa nguvu. Endi aliyechoka bado anaweza kusukumana, ila hachomoki tena. Hilo peke yake linamlazimisha meneja kuwa na maendi wanne wa kubadilishana badala ya wawili.

Ukimaliza, endesha misimu mingi bila kuitazama, kisha tazama mkia wa juu tu. Anayeongoza ligi kwa saki awe mara nyingi kati ya kumi na tano na ishirini hivi, na anayezidi ishirini awe tukio la kuzungumzwa. Wakitokea watu wa saki 30 kila baada ya misimu michache, usizipunguze sifa, punguza mwinuko wa mkunjo. Na ukitengeneza ligi ya zamani, angalia chanzo chako: NFL ilianza kuhesabu saki rasmi mwaka 1982, kwa hiyo Deacon Jones, endi wa zamani anayesifiwa kwa kulianzisha neno "saki", hana hata moja kwenye daftari rasmi. Enzi zake pia endi aliruhusiwa kumpiga mzuiaji kofi kichwani, jambo lililopigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo ufundi wa mikono wa miaka ile unahitaji uzito mwingine.

Bado swali la nini umwonyeshe anayecheza. Sifa za mwili mpe namba kamili, kwa sababu hata timu za kweli zinazipima kwa saa na mizani. Mikono, kusoma mchezo na nidhamu mpe kama makadirio ya skauti, yenye upana unaopungua kadiri kijana anavyocheza snapu nyingi zaidi. Kwangu upana huo hautoweki kabisa hadi msimu wa tatu, na mameneja wengi wanamkatia kijana tamaa msimu mmoja kabla.