Munauliza, tunajibu: Tebogo anapendwa ao hapana?

SWALI: Yaya jambo, niko Katuba, Lubumbashi. Hapa kwetu tunabishana, wenzangu wanasema Letsile Tebogo wa Botswana anakimbia vizuri lakini hatapata jina kama Usain Bolt wa Jamaika juu hana vituko, anashinda ananyamaza. Ni kweli?

JIBU: Mudogo yangu, wenzako hawakosei yote. Bolt alikuwa na vituko ndiyo, Beijing 2008 alijipiga kifua mbele ya kufika kwenye mustari na bado akatoa sekunde 9.69 kwenye mita 100, lakini mwaka uliofuata kule Berlin akafanya 9.58 kwenye mita 100 na 19.19 kwenye mita 200 na mpaka leo hakuna mutu amezigusa, sasa toa hizo saa ubakize vituko peke yake, nani angemukumbuka?

Tebogo mwenyewe alisema kisha Olimpiki ya Paris kwamba hawezi kuwa sura ya riadha, juu yeye si mutu wa majivuno na kelele kama Noah Lyles, mukimbiaji wa Marekani. Miye nilicheka, maana kusema vile nayo ni kelele kidogo.

Lakini angalieni ile siku yenyewe, tarehe 8 mwezi wa 8, 2024. Mita 200 kwa sekunde 19.46, Bednarek na Lyles wa Marekani nyuma, Mwafrika wa kwanza kuchukua dhahabu ya 200 kwenye Olimpiki, na Botswana haikuwa imepata dhahabu hata moja mbele ya pale. Frankie Fredericks wa Namibia aliitafuta 1992 na 1996, akarudi na medaye ine za fedha. Na mama yake Tebogo alikuwa amekufa mwezi wa tano wa mwaka ule ule, basi kijana akavua kiatu akakionyesha kwenye kamera, kimeandikwa tarehe mama alizaliwa. Ile kiatu njo ilimupa jina kwa watu ambao hawafwatake riadha. Mama mukubwa wangu, ambaye anajua Mazembe tu, mpaka sasa ananiulizaka yule mutoto wa kiatu anaendelea aje.

Kwao Gaborone hata musiulize, Rais Masisi alitoa konje ya nusu siku, na kijana aliporudi watu wakajaza stade ya taifa.

Mashindano ya dunia ya Tokyo 2025 yakakuwa ngumu. Fainali ya 100 akafanya fo depar, ni kusema akatoka mbele ya bunduki kulia, wakamutoa, 200 akamaliza wa ine, watu mitandaoni wakaanza kusema amekwisha. Kisha siku chache tu, na mvua inanyesha, yeye na wenzake wa Botswana, Eppie na Ndori na Kebinatshipi, wakapiga Marekani kwenye 4x400, mbio za kupokezana, inchi ya Afrika haikuwa imewahi kushinda ile kwenye mashindano ya dunia ya wanaume, na Rais mupya Duma Boko naye akatoa konje.

Kwa hiyo jina analo, ila halifanane na la Bolt. Miye kitu kinanisumbua ni ile 100, anaing'ang'ania na saa yake nzuri pale ni 9.86, wakati 200 njo kwake.