Barua za Wasomaji: Opera ya Dakika Nane na Bakuli Lililokwama Likoni

*Mwalimu wetu wa muziki, mpiga fidla wa taarabu hapa Mombasa, anajibu maswali yenu ya tungo, ala na kurekodi.*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mwenzangu tumesoma pamoja tangu chekechea. Yeye kwao Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, mimi kwetu Likoni, ng'ambo ya feri. Mwaka 2020 Mji wa Kale ulipofungwa kwa ajili ya korona hatukuonana muda mrefu, na bakuli la mamake, alilonitumia kaimati za futari, likabaki kwetu. Sasa tuko chuo na tunataka kutunga opera fupi, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, ya kuonyeshwa mtandaoni kuhusu urafiki wakati ule. Tuna simu mbili, kompyuta moja na binamu yangu anayepiga udi. Nimeanza kuandika: msimulizi anaeleza ugonjwa ulivyotoka China ukafika Kenya, kisha wauguzi wanaimba, waziri anaimba, halafu ndio marafiki. Kurasa zimejaa na marafiki hawajaingia bado. Tufanyeje? — *Msomaji, Likoni*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimulizi mpe ruhusa aende zake. Waziri naye, na wauguzi wote na heshima zao. Opera yako ni hilo bakuli, na umelitaja kwa sentensi moja kisha ukalipita.

Atakayetazama kazi yenu hana haja ya kuelezwa kwamba mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, au kwamba kafyu ilianza tarehe 27 mwezi uleule. Aliishi humo. Asichokijua ni lile bakuli lilikuwa la namna gani, lilikaa wapi nyumbani kwenu, na mama yako alikuwa akisema nini kila akilipangusa vumbi. Sisi watu wa pwani hatumrudishii mtu chombo kitupu. Kwa hiyo wewe ulikuwa na deni mara mbili: chombo, na kitu cha kutia ndani yake. Na wakati huo unga wenyewe ulikuwa wa kupimiwa. Hapo pana mchezo wa kuigiza tayari, hata kabla hujaimba noti moja.

Sasa lipe saa. Mji wa Kale ulifungwa tarehe 6 Mei, siku moja na Eastleigh kule Nairobi, na ilikuwa ndani ya Ramadhani. Kafyu wakati huo ilianza saa moja usiku. Mwezi wa Mei jua la Mombasa huzama kama saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo baina ya adhana ya magharibi na kafyu hazikufika dakika hamsini. Tuseme wewe umevuka feri na bakuli mkononi, umefika kwenye kizuizi, askari amekataa usipite, na mwenzio yuko darini Kibokoni anakusikia kwenye simu. Una muda huo tu, tena ukumbuke na foleni ya feri ya kurudi. Mtazamaji atakuwa anahesabu dakika pamoja nawe bila kuambiwa.

Halafu wagombane. Marafiki wanaopendana mwanzo hadi mwisho hawana cha kuimba. Katika barua yako husemi kama mlipigiana simu siku zile, nami nashuku hamkupigiana sana, maana kila mtu alikuwa na hofu yake na salio dogo. Yeye amekasirika kwamba kimya chako kilizidi. Wewe umekasirika kwamba yeye anadhani kufungiwa kulimpata yeye peke yake. Bakuli ndilo wanalogombania kwa mdomo, kwa sababu lile jingine ni zito kutamka.

Umbo mnalo, wala msilitafute Ulaya. Kujibizana kwa mashairi tumelelewa nako, ngonjera mmezighani shuleni. Chukua mizani nane kwa nane, na atakayejibu afuate vina vya aliyeuliza, asitoroke. Kwa mfano wa haraka haraka, nilioandika nikisubiri chai:

*Bakuli langu la bati, nauliza liko wapi?*
*Hujaleta hata cheti, wala neno japo fupi.*

Naye anajibu:

*Lipo juu ya kabati, nivuke kwa njia ipi?*
*Kuna vizuizi kati, nami tupu sikulipi.*

Mtafanya bora kuliko hayo. Ila ona kwamba neno korona halimo, na hakuna atakayeuliza tunazungumzia nini.

Urefu: dakika nane zatosha, na zitawachosha kuliko mnavyodhani. Desemba 2020 kampuni ya Irish National Opera ilitoa opera fupi 20 kwa mpigo, zilizotungwa na kurekodiwa kwa ajili ya skrini, na nyingi zilikuwa za urefu wa namna hiyo. Pigeni hesabu hii. Ubeti wa mishororo mitatu ni mizani 48. Mkirudia kila mshororo mara mbili kama taarabu inavyotaka, mkaweka kiitikio na udi ukapata nafasi yake ya kupumua, ubeti mmoja utakula dakika moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo mna beti tano. Sita, kama binamu hajipendi sana, na wapiga udi ninaowafahamu wanajipenda. Hizo kurasa zako zilizojaa zingehitaji usiku kucha na ukumbi wa kukodi.

Usione haya kwamba waimbaji ni wawili tu. Mfaransa Francis Poulenc mwaka 1959 alitoa opera ya mwanamke mmoja na simu yake. Kwa kama dakika arobaini anazungumza na mtu tusiyemsikia, na watu wanaitazama hadi leo. Nyinyi mna sauti mbili na udi, mna utajiri.

Kwenye muziki nitashauri jambo moja, mengine mtayajua wenyewe. Mmoja aimbe kwa Bayati, mwingine kwa Hijazi, ngazi mbili za sauti za muziki wa Kiarabu, zote mkizisimamisha kwenye noti ya re. Makao ni mamoja, kwa hiyo binamu hatabadilisha nyuzi wala hatapotea, lakini kidole kikihama pale noti ya pili na ya tatu, sikio linajua kwamba mtu mwingine ameshika neno. Mwishoni, mkitaka wapatane, mmoja ahamie kwa mwenziwe. Nani ahame? Hilo ndilo swali la opera yenu nzima, na mlijibu kwa muziki kabla ya maneno. Tena msitungie Bayati kwenye kinanda cha simu: ile noti yake ya pili, mi, iko katikati ya vibonye viwili, na kinanda kitawalazimisha kuchagua uongo mmoja au mwingine. Tungeni na udi.

Mkimaliza libreto, yaani maneno ya opera, niletee niisome kabla hamjagusa kamera. Na muziki uwe wenu. Kuchukua wimbo wa taarabu unaopendwa na kuubadili maneno ni sawa harusini, lakini mtandaoni mwenye wimbo anaweza kuwashushia kazi yenu yote, na atakuwa na haki.

SWALI: Mwalimu, salaam kutoka Muscat. Mimi na shoga yangu wa Mombasa tunapenda kuimba pamoja kwa simu ya video, lakini hatuendi sawa hata kidogo. Tukianza vizuri, baada ya mstari mmoja tunakokota, mpaka wimbo unalala. Intaneti yangu ni nzuri. Tunataka kurekodi wimbo wa majibizano kuhusu mwaka tuliozuiliwa kusafiri. Kuna programu gani ya kutibu hili? — *Mpenda Taarabu, Muscat*

JIBU: Dada yangu, kwa umbali wenu hakuna programu itakayolitibu kabisa, kwa hiyo okoa pesa zako. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ukisimama mita kumi kutoka kwa mpiga dumbaki, pigo lake linakufikia limechelewa kama sehemu tatu za mia za sekunde, na hapo wanamuziki wengi huanza kuhangaika. Simu ya video huchelewesha mara kadhaa ya hapo, maana sauti inabanwa, inatumwa, inafunguliwa, na kila hatua ina foleni yake. Wewe unamsubiri, yeye anakusubiri wewe, kila mmoja kwa adabu yake, na wimbo unalala kama ulivyosema. Niliyaona hayo kwa watoto wa kwaya yangu mwaka 2020: walianza kaswida kwa mwendo wa harusi, wakamaliza kwa mwendo wa matanga.

Dawa ni kuacha kuimba *pamoja* na kuanza kuimba *kwa zamu*. Hapo kuchelewa kunageuka kuwa kimya cha mtu anayefikiri kabla ya kujibu, na katika majibizano kimya hicho ni mali. Kamala Sankaram, mtunzi wa New York, Aprili 2020 alitoa opera ndogo iliyoimbwa moja kwa moja kupitia Zoom, inayohusu wanaharakati walio kwenye mkutano wa Zoom. Aliitunga akijua sauti zitapishana, hakungoja mtandao utengemae. Huo ndio ujanja: tatizo likiwa halitoki, litie ndani ya hadithi.

Pale mnapotaka lazima sauti mbili zishikane, mathalani kiitikio cha mwisho, rekodini mbalimbali. Mpiga ala arekodi kwanza, na mdundo wa mwongozo wa metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo. Awatumie wote wawili. Kila mmoja aweke spika masikioni, asikilize huo mwongozo, aimbe peke yake huku simu ya pili ikimrekodi. Kabla ya kuanza, mwongozo uhesabu nne kisha mpige kofi moja mbele ya kamera, kila mtu kofi lake. Kofi hilo litaonekana kwenye picha na kusimama kama msumari kwenye mchoro wa sauti, na mhariri atayapanga makofi mawili pamoja, basi yote yaliyobaki yanafuata. Kwa kuhariri sauti, programu ya Audacity ni ya bure. Kwa picha, DaVinci Resolve ina toleo la bure, lakini inataka kompyuta yenye nguvu. Simu zote zipangwe kasi moja ya picha, 25 au 30 kwa sekunde, msichanganye, la sivyo dakika ya tatu mdomo utakuwa umefunga na neno bado linatoka.

Na mtakapotumiana faili, msitume kwa WhatsApp kama video au ujumbe wa sauti. Inaibana mpaka sauti ya juu inakuwa ya bati. Bonyezeni sehemu ya kutuma hati, mtume faili lenyewe kama lilivyo. Nawaambia watu hili kila mwezi na kila mwezi naletewa nyimbo za bati.

SWALI: Kurekodi nyumbani sauti inakuja na mwangwi kama niko msalani. Sina studio. — *Kijana wa Kisauni*

JIBU: Fungua milango miwili ya kabati la nguo, usiondoe nguo, simama uso wako ukiangalia ndani. Nyuma yako simamisha godoro au tundika leso nzito mbili tatu kwenye kamba. Maiki ya simu iwe urefu wa mkono mmoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isipigwe na pumzi ya *p* na *b*. Zima feni. Najua. Zima hivyo hivyo, na jokofu pia kama liko chumba cha pili, kisha ufunguo wa gari au kitambulisho chako kiweke ndani ya jokofu ili usisahau kuliwasha. Ukirekodi kupitia Zoom, nenda kwenye mipangilio ya sauti uchague sauti halisi, kwa sababu ile kazi yake ya kufuta kelele huiona noti ndefu kuwa ni kelele ya mashine na kuikata katikati. Rekodi usiku, tuktuk zikilala.

SWALI: Mwalimu, huku Tanga hatukufungiwa kama nyinyi. Naona wasanii bado wanatunga mambo ya korona. Nani anataka kutazama hayo sasa? Watu wamechoka. — *Msomaji, Ngamiani*

JIBU: Wamechoka na matangazo ya kunawa mikono yaliyotiwa midundo, na mimi nimechoka pamoja nao. Mwaka ule yalitungwa mengi kwa agizo, na yaliyoagizwa yalipitwa na wakati mara ugonjwa ulipopungua. Lakini kuna watu Tanga waliozika bila kumuosha maiti wao kwa mikono yao, na kuna walioacha kupeana mikono msikitini wasijue wamekosana au wanaogopana. Mambo hayo hayajaimbwa bado. Hamkufungiwa kwa amri, kweli. Basi opera ya kwenu itakuwa nyingine, ya marafiki wawili waliokuwa huru kutembeleana na mmoja wao akawa hataki. Ningependa sana kuisikia. Ukimjua mtunzi huko, mwambie barua zake nazipokea, na aje na mashairi kwanza.